Fundi Kifungo na Kompyuta Iliyogoma

Kwanza ilishtuka. Feni ya ndani ilijitikisa mara moja, kama mtu aliyeguswa bega usingizini, halafu ikatulia, na chumba kikarudia kimya chake. Fundi Kifungo akabonyeza tena swichi ya mbele ya kasha. Safari hii hata kushtuka hakukuwapo.

"Imewaka?" mama yake akauliza kutoka kwenye kiti cha dirishani.

"Haijawaka."

"Mbona nimesikia kitu kama pumzi?"

"Ndiyo hiyo hiyo pumzi, mama. Imeishia hapo."

Akabonyeza kwa kidole cha shahada, akabonyeza kwa gumba, akabonyeza kwa hasira. Kompyuta ile, mpya kabisa, aliyoiunga mwenyewe tangu asubuhi kipande kwa kipande juu ya meza ya kukatia nguo, ilikaa mbele yake nyeusi, imenuna kama bibi harusi aliyelazimishwa. Skrini nayo ilibaki giza. Kitu pekee alichokiona ndani yake ni uso wake, na uso huo haukumpendeza.

Jina la Kifungo hakulipata bure. Alikuwa binti mdogo alipoanza kushona chini ya mkono wa mama yake, na siku moja aliruhusu shati litoke nyumbani likiwa na tundu moja halina kifungo. Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alimpa sindano, uzi na kifungo, akamwambia amfuate mteja kwake, akashonee hapo hapo. Basi akasimama mlangoni pa watu, mteja akiwa amelivaa shati lenyewe, akashona kwenye kifua cha mtu huku nyumba nzima imetoka kumtazama kama sinema. Tangu siku hiyo tundu lililo wazi lilimwasha machoni kama vumbi. Palipo na tundu, atatia kifungo. Palipo na kitanzi, atatia kulabu. Majirani walimcheka, halafu walipotaka nguo ya kuvaa mbele ya watu wakaja kwake.

Mama sasa macho yalikuwa yamechoka. Kazi aliyobaki nayo ilikuwa kuburuta sumaku sakafuni kwa kamba, akiokota pini na sindano zilizoanguka, na aliifanya kila siku bila kukosa, kwa sababu, alisema, miguu ya wateja haina kosa.

Ndoa ya Kifungo ilipovunjika na yeye akarudi kwa mama yake na cherehani moja, aliyempa kazi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji alikuwa na duka la kudarizi nembo na majina kwenye sare. Alimweka karibu na mlango, palipo na vumbi la barabarani, kwenye kiti chenye mguu unaochezacheza, mbele ya kompyuta ya kuchorea. Na Kifungo akachora. Mikono yake ilikuwa inaijua nguo. Ilijua uzi utavuta wapi, kitambaa kitajikunja wapi. Haukupita muda mrefu, wateja wakawa wanaingia na kuuliza, "Yule wa maua yuko?"

Hapo ndipo shemeji alipoanza kubandika jina lake chini ya kila kipande cha maonyesho. Kifungo alipouliza, shemeji alimjibu mbele za wateja, bila kupandisha sauti, akitabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

"Shem, kiti ni changu. Kompyuta ni yangu. Umeme ni wangu. Ulichokuja nacho wewe ni vidole tu."

Kifungo alichukua mkasi wake, akatoka.

Vidole tu. Neno hilo alilibeba kama mfupa uliokwama kooni. Alilala nalo, akaamka nalo. Alipopata mashine kuukuu ya kudarizi kutoka kwenye karakana iliyofungwa, alijua kilichobaki ni kompyuta ya kuitengenezea michoro, na akaapa kwamba kompyuta hiyo hataiomba kwa mtu wala hataungiwa na mtu. Alinunua vifaa kimoja kimoja. Akatazama video kwenye simu, akazirudia kama alivyokuwa akirudia kola ya shati alipokuwa anajifunza: anatazama, anasimamisha, anafanya hewani kwa mikono mitupu, anarudi nyuma.

Na kesho asubuhi matroni wa hospitali ya jirani alikuwa anakuja. Alikuwa anatafuta nembo ya sare mpya za wauguzi, na alikuwa amemtafuta "yule wa maua" mpaka akaambiwa kwamba hayuko tena dukani. Akaja mwenyewe mpaka hapa nyumbani. Alitaka auone mchoro kwenye skrini, kisha auone umedariziwa kwenye kitambaa. Alisema kwa upole, lakini alisema wazi: sare haziwezi kungoja. Kama hapa hapana kitu, kazi itakwenda kule kule dukani. Kazi ikienda dukani, Kifungo alijua, naye ataifuata siku moja, ameinamisha kichwa, mpaka kwenye kile kiti chenye mguu unaochezacheza.

Akachomoa plagi kwenye soketi, akachomeka pasi. Pasi ikapata moto. Basi umeme upo. Akairudisha kompyuta. Kimya. Akainama nyuma ya kasha kutazama ile swichi ndogo ya kisanduku cha umeme: imewashwa. Akafungua ubavu wa kasha, akasukuma kila waya mpaka vidole vikauma. Akachomoa vipande vya memori, akavipangusa kwa kitambaa laini cha bitana, akavirudisha mpaka vikalia. Akabonyeza.

Feni ikashtuka, ikalala.

"Unanitania," akaiambia.

Akampigia simu muuzaji wa vifaa.

"Dada, umewasha ile swichi ya nyuma?" muuzaji akauliza. "Ile ndogo, karibu na waya?"

"Nimewasha."

"Una uhakika? Maana wengi huwa..."

"Kaka, mimi si wengi."

"Haya. Feni inazunguka?"

"Inashtuka, inakufa."

Nyuma ya muuzaji ilisikika redio na mtu akicheka. "Toa ubao mkuu kwenye kasha, pamoja na vilivyo juu yake. Ulaze kwenye katoni, uujaribu ukiwa uchi."

"Yaani nifumue kazi yote."

"Mvue koti tu, dada. Mgonjwa wako anapimwaje na koti?"

"Umeniuzia ubao mbovu, halafu unaniletea vichekesho." Akakata simu, akaitupa juu ya rundo la vitambaa.

Kufumua. Mtu ambaye hajawahi kushona hawezi kujua neno hilo linavyochoma. Ule ubao mkuu, unaobeba kila kitu, alikuwa ameufunga kwa skrubu moja moja, akaikaza kila moja kwa kipimo, akalaza nyaya sambamba kama mistari ya pindo. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na sasa mtu anayesikiliza redio anamwambia afumue.

Alikuwa bado ameikunjia ngumi meza aliposikia gari likisimama nje. Akamgeukia mama yake.

"Mama. Umempigia dada?"

"Nimempigia mwanangu. Kuna sheria?"

"Na amekuja na nani?"

"Sina macho ya kuona mpaka barabarani," mama akasema, na akaendelea kuburuta sumaku yake taratibu chini ya meza.

Shemeji aliingia akiwa na mkoba wa vifaa, ananukia manukato. Dada alimfuata nyuma, macho yake yanatangulia kuomba radhi kabla mdomo haujafunguka.

"Karibu, mkwe," mama akasema. "Maiti iko mezani."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukiifufua, nitakuita mtume."

Shemeji akatazama ndani ya kasha. "Nani ameunga hii?" akauliza, na alikuwa anajua.

"Mimi."

"Aaa." Ile aaa ilikuwa ndefu, na ndani yake mlikuwa na duka zima. Akabonyeza swichi. Feni ikashtuka, ikalala. Akainamisha pua, akanusa kama mtu anayepima maziwa. Hakufungua skrubu hata moja, na mkoba wake haukufunguliwa. Halafu macho yake yakashuka sakafuni.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Sumaku yangu ya pini."

"Unaiburuta humu ndani? Karibu na meza?"

"Kila siku."

"Basi muuaji ameshapatikana," shemeji akasema, akacheka peke yake. "Sumaku na kompyuta havikai nyumba moja. Ubao umekufa. Mama, umemuulia mwanao ubao."

Mama alikuwa na jibu kwa kila mtu. Kwa mwenye nyumba alikuwa na jibu, kwa wateja wagumu alikuwa na jibu, na kwa aliyekuwa mume wa Kifungo alikuwa na majibu mengine ambayo hayasemeki mbele ya watoto. Lakini sasa aliivuta kamba, akaizungushia sumaku mzunguko baada ya mzunguko, akaitia mfukoni mwa gauni lake, akakaa, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Kifungo aliona. Hasira yake, iliyokuwa inachemka tangu mchana, ikatulia ghafla na kuwa baridi.

"Sikiliza, shem," shemeji akaendelea, "mimi sina kinyongo. Kiti chako nimekuachia, hakuna aliyekikalia. Matroni aje dukani, wewe uchore, mambo yaishe kifamilia."

"Kubali, mdogo wangu," dada akasema kwa sauti ya chini. "Hasira haitakushonea nguo."

"Na jina?" Kifungo akauliza.

"Jina gani?"

"La chini ya kipande. Litakuwa la nani?"

Shemeji akatazama saa yake. "La duka."

"Duka lina jina lako."

"Sasa ulitaka liwe na jina la kiti?" Akashika kasha pande mbili, akaanza kuliinua. "Hii naibeba, nikaiangalie kwa nafasi."

Kifungo akaweka kiganja juu ya kasha, akalikandamiza likarudi mezani.

"Iache."

"Shem, nakusaidia."

"Umeshamsaidia mama, inatosha. Toa mikono."

Hakupaza sauti. Dada akamshika mumewe kiwiko. Shemeji akatoa mikono, akaipangusa kwenye suruali kana kwamba kasha lilikuwa na matope.

"Kesho mapema nampigia matroni," akasema mlangoni. "Siwezi kuacha hospitali nzima ihangaike kwa ajili ya vidole vya mtu."

Gari lilipoondoka, Kifungo alichukua bisibisi. Hakuwa na nia ya kutengeneza. Alikuwa na nia ya kufungua kila kitu, akirudishe kwenye maboksi yake, na kesho akimwage kila kimoja juu ya kaunta ya yule muuzaji mwenye redio. Skrubu zikatoka, akazidondosha ndani ya bakuli la vifungo, tii, tii. Nyaya zikachomoka. Jua la jioni lilikuwa bado linaingia dirishani, limelala juu ya meza kama kitambaa cha njano, na mama alikuwa amekaa ndani ya mwanga huo.

"Nilikuwa naiburuta mbali na meza," mama akasema baadaye. "Nadhani mbali. Sioni vizuri."

"Mama, achana na maneno ya yule mtu."

"Lakini ubao umekufa."

Kifungo akaunyanyua ubao kutoka kwenye kasha, akaulaza juu ya katoni lake. Alikuwa ameshika mfuko wa kuufungia aliposita. Ubao ulikuwa juu ya katoni. Uchi.

Akamtukana muuzaji kimoyomoyo, akavuta kisanduku cha umeme karibu, akachomeka zile nyaya mbili nene. Swichi ilikuwa imebaki kwenye kasha, kwa hiyo alifanya kama kwenye video: akagusisha ncha ya bisibisi kwenye vile vijipini viwili vya kuwashia. Alifanya hivyo akiwa amekunja uso, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua haina watu.

Feni ikashtuka. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka.

Alingoja ilale. Haikulala. Upepo wake mdogo ulipeperusha vipande vya uzi pembeni mwa meza, na alipochomeka waya wa skrini, maandishi meupe yakapanda kwenye giza mstari kwa mstari.

"Nini hiyo?" mama akauliza.

Kifungo alikuwa ameinamia kasha tupu. Chini yake vilisimama vijiguu vya shaba, vile vidogo vinavyoushikilia ubao usilale kwenye chuma. Vilikuja kwenye mfuko mdogo wa nailoni, na kasha lilikuja na matundu yake, mengi, kwa sababu kasha moja hutengenezwa kwa mbao za ukubwa tofauti. Video ilikuwa imesema, tia pale tu ubao wako ulipo na tundu. Aliisikia. Lakini mfukoni vilikuwa vimebaki vijiguu, na kasha lilikuwa na matundu yamekaa wazi yanamtazama, na mkono wake ulikuwa umeyajaza yote kabla kichwa hakijasema lolote.

Kimoja kilisimama katikati, peke yake. Juu yake ubao haukuwa na tundu. Akazima umeme, akaupindua ubao, akaona, kwenye vidoa vya risasi ya kulehemu, mkwaruzo mdogo unaong'aa. Kijiguu kilikuwa kimeukandamiza ubao tumboni, shaba kwa risasi, na umeme ulipoingia tu ulipiga shoti, na kisanduku, kwa akili zake, kikauzima kabla haujaunguza kitu.

"Mjinga," Kifungo akasema. "Mjinga, mjinga, mjinga mkubwa we."

"Mimi?" mama akauliza.

Sauti hiyo ilimkata. Akabeba kasha, akazunguka meza, akapiga magoti mbele ya kiti, akakishika kidole cha mama, akakileta mpaka kwenye kasha na kukigusisha kile kijiguu.

"Si wewe. Si sumaku. Ni hiki. Kilikuwa kinauchoma ubao kwa chini."

Kidole cha mama kikakizunguka, kikakipapasa kichwa, kikashuka mpaka kwenye mzizi. "Shaba," akasema. "Nani alikitia?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Palikuwa na tundu."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka polepole, kikongwe, kikavu, kikapanda mpaka machozi yakamtoka.

"Basi bado ni mimi niliyeiua," akasema. "Mimi na lile shati."

Kifungo naye alicheka, lakini hasira haikumwisha. Ilikuwa imepata tu mahali pa kwenda. Alikichomoa kile kijiguu, akakiweka dirishani, akarudisha ubao, skrubu kwa skrubu, akabonyeza swichi ya mbele. Ilipowaka, akampigia dada yake.

"Mpe mumeo simu."

Manukato yakawa kama yamefika kwenye sikio lake. "Ndiyo, shem. Umefikiri?"

Akaisogeza simu kwenye feni. "Unasikia?"

"Nasikia upepo."

"Ndiyo kompyuta. Imewaka. Mama hakuua kitu. Uje umwambie hivyo kwa mdomo wako."

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Uje umwambie kwanza."

"Shem, jambo dogo kama hili..."

"Na kile kiti mpe mtu mwingine." Akakata.

Halafu, baada ya kusitasita, akampigia muuzaji. "Kaka, ubao ni mzima. Niwie radhi."

"Ulimvua koti?"

"Nilimvua."

"Mgonjwa kapona, daktari katukanwa," muuzaji akasema, na redio yake ikaendelea.

Matroni alikuja asubuhi na muuguzi mwenzake. Alisema mwenyewe bila kuficha kwamba shemeji alikuwa ameshampigia simu, akamweleza kwamba kompyuta ya hapa imekufa. Yeye akaamua aje aone kwa macho yake. Akauona mchoro kwenye skrini, mikono miwili imeshika ua, na baadaye akauona ukitoka chini ya sindano, uzi kwa uzi, juu ya kitambaa cheupe. Akaupitisha kidole. Haukukunjika popote.

"Hii amechora nani?"

"Mimi."

Kifungo akangoja kidogo, kwa mazoea, kama kuna mtu ataongeza neno. Hakuna aliyeongeza.

Matroni akaikunja nembo ile ya kwanza, akaitia kwenye mkoba wake, akauliza ni lini waanze kuleta sare.

Shemeji hakuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Dada alikuja peke yake, akakaa na mama muda mrefu, na Kifungo alimkaribisha, akamkaanga kwa maneno kidogo, akampa chai. Salamu za mumewe hakuzipokea. Alisema atazipokea siku mwenyewe atakapozileta, kwa mama kwanza.

Mama alirudi kwenye kazi yake. Sumaku ilipita chini ya meza, chini ya kompyuta yenyewe, pini zikiirukia kwa mlio mdogo. Siku moja mkono wake ulipapasa dirishani, ukakuta kile kijiguu cha shaba.

"Kifungo. Umesahau kimoja."

"Sijakisahau, mama. Hakina mahali."

"Tundu lake si lipo?"

"Lipo."

"Na umeliacha wazi? Wewe?"

"Nimeliacha," Kifungo akasema, na mguu wake ukakanyaga pedali ya cherehani.